Paa la Bati Linavuja: Tafuta Maji Yanapoingilia Kabla ya Kununua Silikoni

Masika fulani niliitwa Kigamboni kwenye nyumba ambayo sebule yake ilikuwa inavuja mwaka wa tatu mfululizo. Nilipopanda juu nikakuta mabaka ya silikoni yamezagaa bati zima, mengine yameshaanza kubanduka kama magamba. Mama mwenye nyumba alisimama chini ya ngazi akaniambia, "Fundi, wewe ni wa nne. Kila anayekuja anaziba palepale, na mvua ikinyesha maji yanadondoka palepale."

Jibu lilikuwa ndani ya maneno yake. Wenzangu wote watatu walikuwa wameziba bati lililo juu ya mahali maji yanapodondokea, na maji hayakuwa yanaingia hapo. Yaliingia kwenye msumari mmoja karibu na kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa, zaidi ya mita tatu kutoka pale. Yakishaingia yaliteleza chini ya bati hadi kwenye papi, mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake, yakashika mbao ya kenchi, ile fremu inayobeba paa, na kuteremka nayo taratibu mpaka kwenye maungio, ndipo yakaachia na kudondokea sebuleni.

Karibu kila kazi ya kuvuja ninayoitwa iko hivyo. Kuziba hakuna ugumu, kazi iko kwenye kutafuta. Ninachoandika hapa ni jinsi ya kutafuta, kwa nyumba zetu hizi za tofali, kenchi za mbao na mabati, na nimeanza na kile unachokiona ukiwa ndani ya nyumba.

Kama maji yanaingia sasa hivi

Kama maji yanapita kwenye taa, feni au swichi, zima umeme kwenye swichi kubwa kabla ya kushika ndoo. Maji yanayofuata waya yanaweza kuua.

Ukiona silingi bodi au jipsamu imefura kama tumbo, usiiache hivyo. Ondoa vitu chini, weka ndoo, kisha toboa tundu dogo kwa msumari pale palipofura zaidi, ukiwa umesimama pembeni. Maji yatashuka kwa utaratibu. Ukiiacha, ubao mzima utaanguka na maji yake, na badala ya kurudishia kipande utarudishia chumba.

Usipande juu ya paa mvua inaponyesha wala bati likiwa bichi. Utashawishika kupanda kutandika turubai, lakini turubai linaweza kusubiri mvua ikatike. Ukipanda, ngazi iegemee kwa mteremko mzuri: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani. Juu ya bati kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu hapo ndipo papi zilipo. Ukikanyaga katikati ya papi mbili, bati jembamba la geji 30 au 32 litabonyea, na ulipobonyeza maji yatasimama.

Soma doa

Doa la maji kwenye dari huwa na duara za rangi ya chai, moja ndani ya nyingine. Kila duara ni mvua moja iliyolowesha ikakauka. Duara ya nje kabisa ndiyo mvua kubwa kuliko zote. Chukua penseli, zungushia ukingo wa doa na uandike tarehe pembeni. Jambo dogo, lakini mvua inayofuata itakuambia kama doa linakua, limesimama, au ni la zamani ambalo chanzo chake kilishakwisha.

Halafu jiulize, au muulize mwenye nyumba, maswali haya kabla ya kugusa ngazi. Maji yanaanza mvua ikianza tu, au baada ya nusu saa? Yakianza mara moja, njia ni fupi na tundu liko wazi: msumari, bati lililotoboka, kofia iliyoachia. Yakichelewa, kuna mahali yanajaa kwanza, na mahali hapo mara nyingi ni gata, mfereji unaokusanya maji ya paa. Yanaingia kila mvua, au ile ya upepo peke yake? Ikiwa ni ya upepo tu, fikiria kofia, mipandiano ya mabati na ukuta. Je, yamewahi kudondoka siku ambayo haikunyesha? Hilo ni suala jingine kabisa na nitalifikia.

Baada ya hapo ingia darini mchana kweupe, jua likiwa kali. Zima tochi, tulia dakika mbili macho yazoee giza, kisha tazama juu. Matundu yanayopitisha mwanga yataonekana kama nyota. Usiishie hapo, maana tundu la msumari uliolegea halipitishi mwanga hata kidogo. Washa tochi na ufuate mbao: mstari mweusi kwenye kenchi, ncha ya msumari yenye kutu wakati jirani zake bado zinang'aa, papi yenye chumvi nyeupe iliyokauka. Fuata mstari huo kwenda juu, siku zote kwenda juu, mpaka uishe. Unapoishia ndipo maji yanapoingilia.

Ukikosa kwa macho, tumia mpira wa maji. Mtu mmoja awe darini na tochi, mwingine nje kwenye ngazi na mpira, asikanyage bati lililolowa. Anza kumwagia sehemu ya chini kabisa ya paa, kaa hapo dakika 10 hadi 15, halafu sogeza maji juu hatua moja. Ukianza kwa juu maji yatateremka juu ya kila kitu na hutajua ni lipi lililovujisha. Usielekeze mpira kwa kasi kutoka chini kwenda juu ukisukuma maji chini ya bati, kwa sababu hata paa zima litavuja namna hiyo. Acha maji yatiririke kama mvua. Kazi hii inachosha na inaweza kula asubuhi nzima, na ndiyo maana mafundi wengi wanairuka na kukimbilia silikoni.

Matone yametawanyika katikati ya vyumba

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni msumari. Nimefungua mapaa mengi, na misumari inaongoza kwa mbali.

Kosa la kwanza ni mahali ulipopigwa. Bati lina mgongo na bonde. Maji yanakimbia bondeni, kwa hiyo msumari unakaa mgongoni. Fundi mwenye haraka hupiga bondeni kwa sababu hapo bati linagusa papi na msumari unaingia kwa urahisi. Siku ya kwanza raba inazuia, mwaka wa tatu imekauka, na kila mvua inapita juu ya tundu lile.

Kosa la pili ni nguvu ya nyundo. Msumari uliopigwa kupita kiasi hubonyeza mgongo na kutengeneza kisahani kinachokaa maji kuzunguka raba. Uliopigwa kidogo haukandamizi raba. Uliopigwa sawasawa, ukiuangalia kwa karibu, raba yake imejitokeza kidogo tu pande zote za kofia ya msumari, na bati chini yake limenyooka.

Halafu kuna jambo ambalo si kosa la mtu: bati linatembea. Bati la mita 6 likipata joto la nyuzi 40 za Selsiasi zaidi ya lilivyokuwa alfajiri, linarefuka karibu milimita 3, na jioni linarudi. Kila siku, mwaka mzima. Ndiyo milio ya "ta, ta" unayoisikia jua likizama. Katika mwendo huo msumari unalegea kidogo kidogo, tundu linakuwa refu badala ya duara, na raba iliyopigwa na jua inapasuka. Kama mbao zilipigiliwa zikiwa mbichi, zikikauka zinasinyaa na kuuachia msumari. Utaukuta umepanda juu ya bati nusu sentimita, unaweza kuuzungusha kwa vidole.

Kurekebisha: usiugonge urudi ndani, maana utapanda tena. Ung'oe kwa mkia wa nyundo, ukiweka kipande cha mbao chini ya nyundo ili usibonyeze bati. Weka skrubu ya bati yenye washa na raba nyeusi ngumu, nene na ndefu kuliko msumari uliotoka, katika tundu lilelile, kama mbao bado inauma. Kama mbao imeoza na skrubu inazunguka bure, kazi imehamia kwenye papi. Tundu lililorefuka kupita upana wa washa liwekewe kiraka cha bati, silanti (gundi ya kuzibia) chini yake, na ribiti (pini za kubana bati) pembeni.

Tena usibadilishe mmoja ukashuka. Misumari ya mstari mmoja ilipigwa siku moja, na raba za boksi moja. Ukikuta mitatu imeoza raba, ijayo iko njiani. Kule Kigamboni msumari uliovuja ulikuwa mmoja, nikabadilisha kumi na moja.

Neno kuhusu silikoni, kwa kuwa nimeitaja vibaya. Si adui, ila ina mahali pake na aina zake. Ile inayonuka siki ukiifungua inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula zinki ya bati. Unaziba leo, na baada ya muda kutu inaanzia chini ya kiraka chako mwenyewe. Nunua isiyonuka siki, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa chuma na kwa jua, na bati lisuguliwe, lioshwe na likauke kwanza. Silikoni juu ya vumbi ni kama plasta juu ya jeraha lenye mchanga.

Maji yanateremka ukutani: nyumba ya kuficha bati

Mtindo huu umeenea sana Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na hata vijijini: ukuta unapandishwa kuzunguka paa, bati linafichwa, nyumba inaonekana kama boksi. Inapendeza. Lakini unapoficha bati unakuwa umelazimisha maji yote ya paa yapite ndani ya kuta zako kabla ya kutoka nje. Paa la kawaida gata ikijaa maji yanamwagikia uani. Paa la kuficha gata ikijaa maji yanamwagikia chumbani.

Piga hesabu mwenyewe. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50 limekusanya lita 6,000, yaani matenki sita ya lita elfu moja. Mvua hiyo ikishuka ndani ya saa moja, na fundi amekuwekea bomba moja la inchi 2 pembeni, hakuna silikoni duniani itakayokusaidia.

Dalili ni doa refu linaloanzia pale dari inapokutana na ukuta na kushuka, rangi inafura na kumenyeka, wakati mwingine unga mweupe unatoka kwenye plasta. Likiwa kwenye ukuta mmoja tu, tafuta gata ya upande huo. Likiwa pande zote, tazama kichwa cha ukuta.

Anza na gata. Mara nyingi utakuta majani ya mwembe au mwarobaini, mpira wa watoto, na huku kwetu Dar, kiota cha kunguru chenye vipande vya waya na mifupa. Toa vyote, kisha mwaga ndoo ya maji mwisho wa juu na uangalie. Maji yakisimama mahali, mteremko hautoshi. Mimi nataka angalau sentimita 1 ya kushuka kwa kila mita. Kisha ziba midomo ya bomba, jaza maji mpaka nusu ya gata, weka alama ya chaki usawa wa maji na uache usiku kucha. Asubuhi maji yakishuka sana chini ya chaki wakati jua halijapiga, gata yenyewe ina nyufa.

Gata ya zege yenye nyufa haizibwi kwa kupaka saruji nyembamba juu. Saruji mpya na zege kuukuu havitembei pamoja, na ufa unarudi palepale. Sugua, kausha siku kadhaa za jua, paka dawa ya msingi, halafu weka mpira wa lami unaobandikwa kwa moto, au lami ya kupaka mara mbili, yenye kitambaa cha faiba katikati ya mpako wa kwanza na wa pili. Utando huo upande ukutani pande zote mbili, na uingie ndani ya mdomo wa bomba. Pale mdomoni ndipo wengi wanapokatisha kazi, na ndipo maji yote yanapopita.

Midomo iwe miwili au zaidi kwa kila gata, hata kama mmoja unaonekana kutosha, kwa sababu siku moja jani moja kubwa litaziba. Na toboa mdomo wa dharura kwenye ukuta wa nje, chini kidogo ya usawa wa ncha za mabati. Ukiona maji yanatoka hapo wakati wa mvua unajua gata imeziba, na yanatokea nje badala ya kitandani. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja katika nyumba hizi zote, lingekuwa hilo tundu.

Baada ya gata tazama pale bati linapokutana na ukuta kwa juu. Wengi wanalisogeza bati hadi ukutani na kupiga plasta juu yake. Bati linatembea milimita zake tatu kila siku, plasta haitembei, ufa unatokea ndani ya miezi. Zaidi ya hapo, saruji mbichi inakula zinki. Njia sahihi ni kuchimba mfereji mwembamba ukutani, wa kina cha sentimita 2 au 3, kuingiza ndani yake mdomo wa flashini, kipande cha bati kinachofunika maungio ya paa na ukuta, kuuziba kwa silanti inayovutika, na kuacha flashini ilalie juu ya bati bila kubanwa nalo. Bati liteleze chini yake.

Mwisho, kichwa cha ukuta. Ukuta uliopigwa plasta tambarare juu unanyonya maji kama mkate. Uvike kofia ya zege au bati yenye mteremko wa kuelekea gatani, itokeze nje ya ukuta kidogo pande zote.

Doa liko kwenye kona ya ndani

Pale paa mbili zinapokutana kwa ndani kuna vali, na maji ya paa zote mbili yanapita pale. Tafuta vitu vitatu. Majani yaliyolundikana yakageuka udongo, mpaka unakuta mche umeota. Msumari uliopigwa katikati ya vali, jambo ambalo halina msamaha. Na vali nyembamba, ambayo mabati ya pande mbili yamesogeleana hadi mkono haupiti, hivyo mvua kubwa inaruka upande wa pili na kuingia chini ya bati.

Mabati ya vali hukatwa kwa mshazari, na fundi akitumia grainda, cheche zinaunguza rangi na zinki kwenye ukingo. Baada ya wiki chache utaona vidoadoa vyekundu, na kutu inaanzia ukingoni. Kata kwa mkasi wa bati. Ikibidi grainda, kata chini, siyo juu ya paa, na fagia unga wote wa chuma siku hiyohiyo. Vali iliyotoboka haiwekewi kiraka. Inabadilishwa yote, pana zaidi, kingo zake zikiwa zimekunjwa ndani ili maji yasiruke.

Inavuja mvua ya upepo tu

Kwanza kofia. Tazama kama vipande vyake vinapandiana angalau sentimita 15, na kama uwazi kati ya kofia na mabonde ya bati umezibwa. Sponji zenye umbo la bati zinauzwa kwa kazi hiyo, na ndege wakizitoa zirudishwe.

Pili, mipandiano ya ubavuni. Mabati mawili yaliyolaliana kwa mgongo mmoja tu, kwenye paa lenye mteremko mdogo, yanavuta maji kati yake jinsi utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa kwenda juu. Maji hayahitaji tundu. Yanapanda mgongo na kuteremkia ndani. Utaona mstari wa unyevu unaofuata ubavu wa bati kutoka juu hadi chini, bila msumari wowote mbovu. Dawa ni kufungua skrubu za ubavu huo, kusafisha, kuweka utepe wa mpira wa kuzibia kwenye mgongo, na kufunga tena. Paa jipya likiezekwa, mipandiano itazame upande upepo unakoelekea, na iwe migongo miwili kama mteremko ni mdogo. Pwani tunazijua pepo zote mbili, kusi na kaskazi, hakuna kisingizio.

Mpandiano wa bati la juu na la chini uwe sentimita 15 kwa paa lenye mteremko mkali, na ukaribie 30 kwa paa lililolala.

Kutu

Unga mweupe juu ya bati jipya ni zinki, mara nyingi kwa sababu mabati yalirundikwa yakiwa na maji kati yake, safisha, halijafa. Kutu nyekundu ni chuma chenyewe. Chukua bisibisi na ubonyeze kwa mkono. Bati likihimili, sugua kwa brashi ya waya, osha, kausha, paka rangi ya kuzuia kutu kisha rangi ya bati. Bisibisi ikipita, hesabu matundu: machache yawekewe viraka vinavyozidi tundu sentimita 5 kila upande, mengi yabadilishwe bati zima. Kupaka lami paa zima lililooza ni kununua muda, na mwenye nyumba aambiwe hivyo kabla hajatoa hela.

Karibu na bahari chumvi inaharakisha kila kitu, kwa hiyo nunua bati nene. Kumbuka namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Na usiache maji yanayopita kwenye shaba yadondokee bati, iwe bomba la kiyoyozi au waya wa ethi. Utakuta mstari wa kutu umechorwa kufuata matone.

Yanadondoka bila mvua

Kama kuna tenki au hita ya sola juu, funga maji ya kuingia kwa siku moja. Doa likikauka, ni boya la tenki au maungio ya bomba, na unamhitaji fundi bomba.

Kama hakuna tenki, na matone yanadondoka alfajiri, kila mahali, kisha yanakauka jua likitoka, hilo ni jasho la bati. Njombe, Makete, Lushoto, Limuru, watu wa baridi wanalijua. Hewa yenye mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu inapanda, inakuta bati la baridi, inageuka maji. Usizibe chochote! Fungua matundu ya hewa kwenye pembe za paa, toa mvuke wa jikoni nje badala ya kuuachia darini, na kwenye paa jipya tandika karatasi ya kuhami chini ya bati.

Paa limebonyea

Simama barabarani utazame mstari wa kofia. Ukiwa na wimbi, acha habari ya matundu. Ingia darini na nyundo, gonga kenchi na papi: mbao nzima inalia kwa sauti kavu, iliyoliwa na mchwa inalia kama gogo tupu. Tafuta vijia vya udongo ukutani. Uliza kama paneli za sola au tenki viliongezwa baada ya kenchi kupigwa. Hapa weka mhimili wa muda na uite fundi seremala aliyewahi kupiga kenchi. Kubadilisha bati juu ya kenchi iliyooza ni hatari kwa anayepanda na kwa wanaolala chini.

Kama paa ni la shuka za asbesto, ambazo bado zipo kwenye majengo ya zamani, usitoboe, usikate, usisugue na usizipande. Vumbi lake linaharibu mapafu. Itolewe na watu wenye vifaa na kibali. Kwa vigae, tafuta kilichopasuka au kilichoteleza, kisha uangalie karatasi iliyo chini yake. Kubadilisha kigae bila kutazama karatasi ni nusu ya kazi.

Ukishaziba

Rudia jaribio la mpira wa maji, dakika zilezile, mtu akiwa darini. Halafu subiri mvua kubwa mbili, mojawapo ikiwa ya upepo, na uangalie mstari wako wa penseli kwenye doa. Lisipovuka mstari, ndipo upake rangi dari. Usianze na rangi ya maji, kwa sababu ile rangi ya chai itapenya na kurudi juu. Tanguliza mkono mmoja wa rangi ya msingi ya mafuta juu ya doa, ikauke, kisha malizia na rangi ya dari kama ilivyokuwa.